Kinywa Kilichotafuna Siku ya Mfungo

Ijumaa ile, saa nane ya mchana, waumini walikuwa wamefika pale ambapo mfungo hufika siku zote: tumbo limechoka kulalamika, pua ndiyo imeshika zamu. Hata ukiwa benchi la mbele ungeweza kusikia harufu ya maharage ya Warundi wa ng'ambo ya barabara, Wakatoliki ambao hawakuwa na mfungo wowote na walikuwa wakipika kwa amani yao. Mama Madeleine alivuta harufu ile mara mbili, akajua kwamba kitunguu kimeungua kidogo. Kisha akafumba macho tena na kuendelea kuomba.

Ndipo Shemasi Bienfait alipokatiza maombi.

"Kuko mutu anatafuna," alisema.

Macho yalifunguka haraka kuliko yalivyofumbwa.

"Kuko mutu humu ndani, katikati ya mufungo, anatafuna. Tena hajifichi. Anatafuna sawa mbuzi ya soko ya Rwekubo!"

Watu wakageukia kwaya. Safu ya nyuma, kwenye wenye sauti nzito, alisimama Byamungu, mtoto wa pekee wa Mama Madeleine, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mrefu mpaka akiingia mlangoni anainama. Alikuwa amekunja mikono kifuani na kufumba macho kama mtakatifu. Lakini taya lake lilikuwa safarini. Lilikwenda kulia, likarudi kushoto, midomo ikajikunja kama ya mtu anayetafuta mbegu ya pera kwenye meno, ulimi ukachungulia nje, ukarudi ndani.

"Byamungu! Fungula kinywa."

Akafungua, mbele ya kanisa zima. Shemasi akachukua simu ya Yvette, kiongozi wa kwaya, akawasha tochi, akainama. Akamulika chini ya ulimi. Akamulika nyuma ya magego.

"Umemeza," akatoa hukumu.

"Sijameza kitu, Baba Shemasi."

"Sasa unatafuna nini?"

"Sitafune. Kinajitafunia chenyewe."

Mtu akacheka, kisha wengine. Mama Madeleine hakucheka, na wanaomfahamu watakuambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kanisani kuna cha kuchekwa na yeye akakikosa.

Alijua mwanawe hatafuni. Aliijua historia ya kinywa kile kuliko mtu yeyote pale kambini Nakivale. Walipofika kutoka Kivu ya Kusini, Byamungu alikuwa mtu wa kugombana na watu wasioonekana. Walimsemesha kwa zamu, walimtukana, walimwamuru mambo. Siku moja alitembea mpaka ziwani, akaingia maji ya kiuno, akidai anairudisha sauti moja kwa mwenye nayo. Wavuvi wakamrudisha amelowa. Baadaye kliniki ikampa vidonge vidogo vyeupe, na vidonge vile, polepole, vikamrudishia mama mtu wake. Akaanza kulala. Akaanza kuuliza chakula kiko wapi. Akajifunza kutengeneza baiskeli. Halafu akaingia kwaya, na huko ndiko alikopona kabisa, kwa maana mtu anaweza kuwa mzima wa kichwa na bado asiwe na mahali pa kusimama. Byamungu alipata pa kusimama: safu ya nyuma, wa tatu kutoka ukutani.

Miaka ikaenda, vidonge vikaendelea. Mwaka uliopita midomo ikaanza kucheza. Kwanza kidogo, kama mtu anayejisemea. Sasa ilikuwa hivi.

Ibada ilipoisha, Shemasi akamwita pembeni, mama naye akafuata maana hakuna aliyemkataza.

"Mutoto wangu," Shemasi alisema, na haikuwa kwa ukali, "ile roho inatafuna kwa sababu unailisha. Kila siku unaiwekea kidonge mu kinywa. Acha kuilisha, itaondoka. Na mpaka kinywa kitulie, usisimame na kwaya. Unatawanya macho ya batu."

Mfungo wa Ijumaa ulikuwa wa kila wiki; Jumapili ikafunguliwa mifungo mikubwa ya kanisa, na desturi yao ni kwamba kila mmoja huweka madhabahuni kitu kinachomshika moyo, akakaa bila hicho mpaka wiki za maombi ziishe. Yvette aliweka mafuta yake ya nywele. Shemasi Bienfait, ambaye chai yake hukorogwa mpaka kijiko kisimame, aliweka mtungi wa kioo uliojaa sukari mpaka shingoni. Mama Madeleine alitoa nyama, ambayo alikuwa hajaiona tangu Noeli, akaiwakilisha kwa sufuria tupu.

Byamungu akaweka vidonge vyake.

Mama alimwona akitembea navyo kwenye kiganja, ndani ya kile kibahasha cha kliniki. Angeweza kusimama. Angeweza kukohoa tu, na mwanawe angegeuka. Hakukohoa. Alijiambia kwamba hiyo ni imani. Kumbe ilikuwa aibu, imevaa kitenge cha imani: naye alikuwa amechoka na kile kinywa. Alichoka na wanunuzi wake sokoni, wanaokuja kupima mawese huku wanamtazama kijana badala ya kutazama kipimo. Alitaka kitulie, basi.

Hakikutulia. Kinywa kiliponyimwa vidonge kikaongeza bidii. Ulimi ukawa unatoka mrefu zaidi, vidole vya mikono vikaanza kucheza kama vinapiga gita, na mabega yakafuata. Shemasi akasema hizo ni dalili njema, roho inafunga mizigo. Lakini Byamungu akaacha kulala. Baiskeli ya Vénant, jirani yao Mrundi, ikabaki imelala chali uani bila minyororo, na Vénant mwenyewe akaja kuiangalia mara kadhaa kama mtu anayetembelea mgonjwa.

Alasiri moja Mama Madeleine aliingia stoo na chupa ya mteja, imejaa nusu, kuiongezea mawese. Akamkuta Byamungu amepiga magoti, sikio amelibandika kwenye bidoni ya njano, dumu la mawese.

"Unafanya nini pale?"

"Nyamaza kidogo, mama. Banaongea."

"Banani?"

"Bale ba kwetu Fizi." Alisema taratibu, kana kwamba anataja wageni waliotarajiwa. "Banauliza kama wewe ni mama yangu kweli."

Chupa ilimwinamia mkononi. Mawese yakamwagikia mguu, yakaingia katikati ya vidole, naye hakutazama chini.

"Umebajibu nini?" aliuliza.

"Nimesema bangoje."

Alimwita Vénant akae na kijana uani, wazungumze habari za minyororo. Kisha akashika ufagio akaenda kanisani.

Usicheke ule ufagio. Mwanamke mzee mwenye ufagio anaingia mahali popote. Hata ofisini kwa wakubwa, wanainua miguu tu. Alifagia mlangoni, akafagia kati ya mabenchi, akafagia kupanda mpaka madhabahuni, na pale akainama akachukua kile kibahasha, akakisukumia ndani ya kitenge. Alipoinuka, macho yake yakakutana na mtungi wa sukari. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni siku ile. Sasa ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni.

"Unafanya nini kwa madhabahu, Mama Byamungu?"

Shemasi alikuwa mlangoni.

"Nafagia, Baba. Hapa kwa hii fasi iko sisimizi mingi. Sijui banafwata nini."

Shemasi akapiga hatua moja ndani.

"Hata sukari yako inafunga," mama akaendelea kwa upole, akiugeuza ule mtungi uelekee mwangani. "Naona imekonda."

Shemasi aliutazama mtungi. Lakini Shemasi alikuwa ameona kitenge kilivyovimba, naye hakuwa mtu wa kuogopa sukari.

"Unaondoa sadaka ya mutoto wako. Aliitoa mwenyewe."

"Aliitoa. Na mimi nilimuona nikanyamaza." Hapo sauti yake ikapoteza mzaha wote. "Baba Shemasi, leo ameniuliza kama mimi ni mama yake. Mungu alinirudishia huyu mutoto mara moja. Sitamuomba anirudishie tena kwa sababu mimi nimemutupa."

Akapita pembeni yake na ufagio wake. Shemasi alimpisha.

Jioni ile Byamungu alimeza kidonge kwa uji. Asubuhi walishuka Rwekubo, wakapata gari la Mbarara, na mpaka mchana walikuwa hospitalini, mbele ya daktari wa kike, Mnyankore, kijana, aliyeitwa Ainembabazi. Mama Madeleine alijaribu jina lile, likamshinda katikati, akamwita Daktari Aine, na daktari akasema hata mama yake mzazi humwita hivyo.

"Kiswahili yangu ni ya sokoni," Daktari Aine alionya. "Nikikosea, munisamehe. Kaka, fungua mdomo, tafadhali."

Alikuwa mtu wa pili siku za karibuni kumtazama Byamungu kinywani, lakini wa kwanza kusema tafadhali. Alimwambia atoe ulimi, aurudishe, agonganishe vidole, atembee mpaka dirishani. Aliuliza vidonge alianza lini, aliacha lini, kwa nini. Habari ya madhabahu aliisikiliza yote bila kutikisa kichwa, na Mama Madeleine akampenda kwa hilo.

"Si pepo," alisema mwishowe. "Ni dawa. Watu wengine wakikunywa hii dawa miaka mingi, mdomo unaanza kutembea peke yake."

"Dawa gani inatengeneza kichwa, inaharibu kinywa?"

Daktari alifikiri. "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza mawese."

"Sawa. Mafuta ukiiacha wazi, kwa jua, inakuwa je?"

"Inachacha. Inanuka. Mutu mwenye haya hawezi kuiuza." Akafikiri kidogo. "Labda kwa mutu haumujue."

Daktari akacheka. "Ni nani anaichachisha? Hakuna mtu ameigusa."

"Hewa."

"Hewa! Hewa ile ile tunavuta. Sasa sikia. Ndani ya kichwa pia kuko mafuta. Ubongo, sehemu kubwa ni mafuta."

Mama Madeleine aligeuka akakitazama kichwa cha mwanawe, kirefu, kilichonyolewa vizuri. Maisha yake yote alikuwa akibeba mafuta kichwani bila kujua kwamba kuna mengine ndani yake.

"Mwili ukitumia hewa kuchoma chakula, kuko kama cheche inaruka," daktari aliendelea, akitawanya vidole. "Kila siku, kwa kila mtu. Na mwili iko na wazimaji wake wa kuzima cheche. Sasa hii dawa inatuliza zile sauti, lakini kwa watu wengine inaongeza cheche. Wazimaji wanachoka. Cheche inagusa mafuta, mafuta inachacha kidogo kidogo, na ile sehemu inatawala mdomo inaumia. Hii kitu iko na jina refu ya Kizungu, tuiache kwa kitabu. Na si hiyo peke yake, kuko sababu zingine, na wakubwa wa kusoma bado wanabishana. Mimi nasema ile tunadhani."

"Kwa hiyo dawa ni mbaya."

"Ilimrudisha kijana, ao haikumrudisha?"

"Ilimurudisha."

"Basi." Daktari aliegemea mbele. "Kuitupa siku moja ndiyo mbaya. Ugonjwa unarudi. Na mdomo unazidi, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa inaukandamiza kidogo, inauficha. Umeiondoa, umefunua."

Mama Madeleine alikuwa akiona bidoni iliyoachwa bila kifuniko, na aliyeiacha ni yeye.

"Na nikimunywesha mawese mapya?" aliuliza ghafla. "Mingi?"

"Tumbo yake itakimbia mpaka Isingiro!" Daktari alicheka tena, kisha akawa makini. "Kuko vitamini ndani ya mafuta kama hiyo, watu wamejaribu kuitoa kama dawa. Wengine iliwasaidia ile kitu isizidi, wengine haikufanya kitu. Weka kijiko kwa mboga, ale dodo, ile mchicha, ale matunda, sigara asiguse. Lakini usiniambie eti mawese ni dawa. Mimi nataka arudie vidonge, halafu tutabadilisha pole pole, tumpe ingine ambayo haisumbui mdomo sana."

"Kinywa kitatulia?" Hilo aliuliza Byamungu mwenyewe.

"Labda kidogo. Labda itabaki hivyo. Siwezi kukudanganya."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akikata majani kwa fyekeo, fyaa, fyaa. Byamungu alitazama mikono yake ikipiga gita lisilokuwepo. Mama akaona anaweza kusema kitu cha kumwamulia, na safari hii akanyamaza kwa makusudi, maana kichwa kilikuwa cha mwenyewe.

"Bale bakianza kuongea," Byamungu alisema, "hata uji ninauogopa. Hata huyu." Akamgusa mama yake begani. "Kinywa kikitafuna, ni mimi tu nafanyiwa mizaha. Nitakunywa dawa. Lakini kwaya, daktari. Banasema nikae nyuma mpaka kinywa kitulie. Nitakaa nyuma mpaka nizeeke?"

Daktari Aine alikuwa anamtazama midomo.

"Umeona sasa?" alimwambia mama. "Wakati anaongea?"

Mama Madeleine hakuwa ameona chochote. Ndipo alipotambua kwamba hicho ndicho cha kuonwa. Maneno yote yale, taya halikucheza.

"Mara nyingi inakuwa hivyo. Mdomo ukipata kazi, hii kitu inapisha. Ukikaa kimya, inarudi."

"Na akiimba?"

"Aimbe tuone."

Byamungu akaona haya, akatazama mlango. Kisha akaimba, chini chini, pambio moja la kwao, na sauti yake nzito ikaingia ndani ya kile chumba kidogo mpaka vikombe vikaitikia. Taya lilikwenda pale wimbo ulipolituma, si kwingine. Yule wa fyekeo nje akaacha kukata.

Wiki zikapita. Sauti za Fizi zikapungua, zikawa mnong'ono, zikaondoka bila kuaga. Baiskeli ya Vénant ilisimama kwa magurudumu yake. Byamungu alikula dodo mpaka akaichukia, na mama yake akaanza kufunika bidoni zake zote kwa kitambaa na kuziweka kivulini, na mteja akiuliza sababu, anamwambia mafuta yanaumwa kama watu. Kinywa kikabaki kinatafuna, pengine kidogo chini ya zamani, pengine ni yeye aliyezoea.

Alimpelekea Shemasi maneno ya daktari, cheche, wazimaji, mafuta na yote. Shemasi alisikiliza.

"Mafuta mu kichwa," alisema. "Mama Byamungu, daktari anasema ya hospitali. Kanisa iko na utaratibu. Kinywa kitulie kwanza."

Ijumaa iliyofuata Mama Madeleine hakukaa mbele na wamama wenzake. Alikwenda benchi la nyuma, karibu na mlango, alikowekwa mwanawe. Saa nane ikafika. Maharage ya ng'ambo yakafika. Shemasi akatangaza maombi ya kimya, kila mtu na Mungu wake, na kanisa likatulia mpaka ukasikia mabati yakinyooka kwa jua.

Taya la Byamungu likaanza. Alijaribu kulishika kwa mkono. Likatafuna ndani ya mkono.

Basi Mama Madeleine akaanza naye. Alitafuna hewa. Alitafuna kwa bidii, kulia, kushoto, akakunja midomo, akatoa ncha ya ulimi na kuirudisha. Byamungu alifungua jicho moja, akamwona, akatikisika mabega kwa kicheko.

"Mama, acha."

"Nyamaza, niko naomba."

"Kuko batu babili banatafuna!" Sauti ya Shemasi ilipanda kutoka mbele. Alikuwa tayari anashuka kati ya mabenchi, tochi mkononi.

Mama Madeleine hakungoja kuambiwa. Alifungua kinywa chake chote, meno yake yaliyobaki yakiwa yamesimama mbalimbali kama majirani waliogombana.

"Mulika, Baba," alisema. "Tafuta vizuri. Ukiona nyama humo, tugawane, mimi niliiweka kwa madhabahu na sijaiona tena. Ao ulitaka sukari?"

Kicheko kikapasuka kutoka benchi hadi benchi. Hata watu wa maombi mazito kikawapata. Shemasi alisimama na tochi yake. Mama akangoja watulie.

"Huyu mutoto anatafuna kwa sababu mulimunyamazisha," alisema, na sasa hakuwa anacheza. "Sisemi eti amepona. Nasema mumupe wimbo, muone."

Hakuna aliyesogea. Shemasi alimtazama Yvette kumwonya, na Yvette, ambaye nywele zake zilikuwa kavu kwa wiki zote zile na hakuwa na uvumilivu wa ziada, akafungua kinywa na kuanzisha pambio. Wanawake wakaitikia. Wenye sauti nzito wakaitikia, pale palipo na pengo lao. Na kutoka benchi la nyuma, karibu na mlango, lile pengo likajazwa.

Shemasi alimmulika Byamungu usoni. Hakuzima tochi beti zote. Alitazama taya likipanda na kushuka na wimbo, kama taya la mtu yeyote.

Wimbo ukaisha. Kimya kikarudi, na taya likaanza tena, kulia, kushoto, mbele ya macho ya wote. Mama Madeleine alishikilia benchi kwa mikono miwili. Shemasi alibaki pale, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Kisha akazima tochi.

"Byamungu," alisema, bila kumtazama mama yake, "kuja mbele. Toka huku nyuma sauti haifike."

Ilikuwa inafika. Ilikuwa inafika mpaka kwa Warundi wenye maharage yao, na kila mtu alijua, na hakuna aliyemsahihisha. Byamungu akainuka, akapita katikati ya mabenchi akiwa anatafuna, akasimama mahali pake, wa tatu kutoka ukutani. Yvette akaanzisha wimbo mwingine.

Mama Madeleine alibaki peke yake benchi la nyuma, na taya lake mwenyewe lilichukua muda kidogo kusimama.